Nani hasa walianzisha ska ya Marekani? Swali la mpiga tromboni wa Tanga

Tromboni wa Makorora

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wangu shikamooni.

Mimi napiga tromboni kwenye kikundi cha matarumbeta hapa Tanga. Mkituona Jumamosi juu ya pikapu, mbele ya gari la maharusi, tunatoka Ngamiani kwenda ukumbini na watoto wanatukimbilia nyuma, ndio sisi. Tunapiga kinachotakiwa na wenye shughuli: bongo fleva, taarabu, nyimbo za kwaya harusi ikiwa ya kanisani. Nilifundishwa na marehemu mjomba wangu aliyekuwa kwenye bendi ya jeshi, na tromboni ninayopiga ni aliyoniachia yeye.

Mwezi uliopita mpiga tarumbeta wetu alileta wimbo kwenye simu, "The Impression That I Get" wa The Mighty Mighty Bosstones wa Boston, wa mwaka 1997. Nimeshikwa. Vyombo vya kupuliza havikukaa pembeni kuremba, viko mstari wa mbele na vinagongana na gitaa la panki, ile roki ya kasi na makelele. Nikaambiwa mapigo hayo yanaitwa ska. Nikaanza kutafuta historia, nikakuta kila mtu na lake. Mmoja anasema ska ni ya Jamaika, mwingine Uingereza, mwingine anasema Marekani ilianza na bendi ya No Doubt miaka ya 90.

Ninachouliza ni hiki: kule Marekani nani walitangulia, kabla redio haijawapenda? Walijifunza kwa nani? Na kuna wapiga tromboni gani niwafuatilie? Tunataka kuiingiza ska kwenye kikundi chetu, ila sitaki tuige wimbo mmoja wa mwisho wa foleni bila kujua waliotangulia.

Kijana wa Bombo

Mkuu, ska ni rege iliyokimbizwa, usijichoshe sana. Kwa Marekani mimi nawapa uasisi Operation Ivy wa Berkeley, California. Walianza 1987, wakavunjika 1989, wakaacha albamu moja tu, "Energy". Wawili wao, Tim Armstrong na Matt Freeman, ndio waliokuja kuunda bendi ya Rancid. Bendi zote za ska iliyochanganywa na panki za miaka ya 90 zimetoka kwenye ile albamu. Anza hapo.

Baharia wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Swali lako limenigusa. Mimi nilianza kazi kwenye matishari ya bandari yetu, tukipeleka marobota ya katani kwenye meli zilizotia nanga nje. Baadaye nikapanda meli zenyewe, na miaka ya 80 safari zetu zilikuwa zikifika pwani ya mashariki ya Marekani. Mpishi wa meli alikuwa Mjamaika. Jikoni mwake kulikuwa na redio ya kanda isiyozimwa, na yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza muziki huu.

Kwanza nimjibu Kijana wa Bombo, maana tukikosea mpangilio hapa, kila kitu mbele kitakosewa. Ska ndiyo kaka mkubwa. Ilikolea Jamaika mwanzoni mwa miaka ya 60, na nchi ile ilipata uhuru Agosti 1962, miezi minane baada ya Tanganyika, kwa hiyo ska ndiyo iliyowachezesha kwenye sherehe zao. Mnamo 1966 mwendo ulipunguzwa ikawa rocksteady. Rege imekuja 1968. Mtu anayesema ska ni rege iliyokimbizwa amemfanya baba kuwa mtoto wa mwanawe.

Na ska yenyewe ilitokana na muziki wa Wamarekani weusi. Wajamaika walikuwa wakinasa usiku stesheni za Miami na New Orleans, wakawapenda Fats Domino, Louis Jordan na Rosco Gordon. Kingston kulikuwa na wenye mitambo ya kupigia muziki mitaani, Coxsone Dodd, Duke Reid, Prince Buster, na kila mmoja alitafuta santuri ya Kimarekani ambayo mwenzake hana. Mwisho wa miaka ya 50 Wamarekani wakahamia rock and roll, santuri za ladha ile zikaadimika. Ndipo hawa wakaingia studio kurekodi za kwao, na lile pigo la nyuma lililokuwa limejificha kwenye piano za Kimarekani wakalivuta mbele kabisa. Basi Mmarekani anapopiga ska anapokea shehena iliyosafirishwa kutoka bandari yake mwenyewe, imepakiwa upya, na yeye haitambui.

Mwaka 1964 serikali ya Jamaika iliipeleka ska New York, kwenye Maonyesho ya Dunia. Walikwenda Jimmy Cliff, Prince Buster na Millie Small, wakisindikizwa na Byron Lee and the Dragonaires. Mwaka huohuo "My Boy Lollipop" ya Millie ilifika namba 2 Marekani na Uingereza pia. Wimbo ule ulikuwa wa Kimarekani, msichana wa New York, Barbie Gaye, aliurekodi 1956. Watu waliucheza, msimu ukapita, na haukuacha nyuma yake bendi za Wamarekani zilizosimama kwa ska. Kwa hiyo 1964 mimi siihesabu kuwa mwanzo.

Mwanzo ni mapema miaka ya 80, na ulipitia Uingereza. Mwaka 1979 mji wa Coventry, kijana Jerry Dammers alianzisha lebo ya 2 Tone na bendi yake The Specials, weusi na weupe jukwaa moja, wakaifufua ska kwa hasira ya panki. Santuri zile zilivuka Atlantiki. Sasa sikiliza waliozipokea.

New York alikuwapo Mwingereza, Robert Hingley, wenyewe wanamwita Bucket. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la vitabu vya katuni. Mwaka 1981 akaunda The Toasters. Hakuna kampuni ya santuri iliyowataka, basi 1983 akaanzisha lebo yake, Moon, iliyokuja kujulikana kama Moon Ska. Hapa mwanangu naomba utulie, maana kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko wimbo wowote. Hingley hakutoa santuri za bendi yake peke yake. Alikusanya bendi za New York akazitia kwenye santuri moja, kisha akafuata za miji mingine, mpaka kijana wa mji mdogo akajua kwamba hayuko pekee. Mwanamuziki Joe Jackson aliwasaidia kutengeneza santuri ya 1985 kwa jina la kujificha. Lebo iliishi mpaka mwaka 2000, na miaka ya 90 walikuwa na duka lao Manhattan. Kanda yangu ya kwanza ya The Toasters niliinunua meli ilipofunga Newark. Mpishi aliisikiliza upande wa kwanza wote bila kusema neno, akaigeuza mwenyewe. Hakuwa mtu wa kusifia, na kwake ile ilikuwa sifa.

Los Angeles wako wawili ambao hadithi nyingi zinawapita haraka, na hilo linaniuma. The Untouchables walianza 1981, vijana wa pikipiki za skuta na suti nyembamba, na wimbo wao "Free Yourself" wa 1985 uliingia kwenye chati za Uingereza, yaani Wamarekani wanawauzia ska Waingereza. Halafu Fishbone. Hawa walianza 1979 wakiwa watoto wa shule. Ilikuwa enzi ya kuchanganya shule, watoto weusi wa Los Angeles ya kusini wanapandishwa basi kila asubuhi kwenda kusoma kwenye vitongoji vya wazungu, mwendo mrefu. Ndugu wawili, Norwood Fisher wa besi na Phillip wa dramu, wakakutana hukohuko na Angelo Moore, mwimbaji na mpiga saksafoni. Santuri yao ya kwanza ya 1985 ina "Party at Ground Zero", wimbo wa shangwe kuhusu bomu la nyuklia. Ska, fanki, roki nzito na injili kwenye chungu kimoja. No Doubt walioanza 1986 Anaheim walikua wakiwasikiliza hawa. Bendi ya Red Hot Chili Peppers walikuwa wenzao mtaa mmoja wa muziki. Fishbone hawakuuza hata robo ya walichouza wale waliojifunza kwao, na sababu moja ni kwamba redio za Marekani zilizitenga nyimbo kwa rangi: stesheni za roki hazikujua mahali pa kuwaweka vijana sita weusi wenye magitaa, na stesheni za weusi hazikuwataka kwa sababu hiyohiyo.

Boston walikuwa Bim Skala Bim, tangu 1983, na hao ndio waliotangulia kutoa albamu kabla ya Bosstones wako. Berkeley kulikuwa na The Uptones, wanafunzi wa sekondari, 1981, kwa hiyo hata Operation Ivy walikuta mlango wa mji wao umekwisha funguliwa. Chicago walikuwa Heavy Manners, wakiongozwa na mwanamke, Kate Fagan.

Swali lako la tromboni. Kingston kuna shule inaitwa Alpha, iliyoendeshwa na masista, ya watoto yatima na waliokosa malezi. Ilikuwa na bendi ya matarumbeta. Kutoka pale ametoka Don Drummond, mpiga tromboni wa The Skatalites, bendi iliyoundwa 1964 na kuvunjika 1965, na ambayo kwangu mimi haijapatikana ya kuipita. Kutoka palepale ametoka Rico Rodriguez. Rico alihamia Uingereza 1961, na ndiye anayepuliza tromboni kwenye "A Message to You Rudy" ya The Specials ya 1979. Tromboni ya Alpha imeingia Coventry, Wamarekani wameisikia kutoka Coventry. Vinny Nobile wa Bim Skala Bim umsikilize. Fishbone pia tromboni wanayo, Chris Dowd aliipiga pamoja na kinanda.

Na hii kwa maoni yangu ni sababu mojawapo ska ilishika Marekani: shule zao za sekondari zina bendi za matarumbeta, za kupiga kwenye mechi. Kila mwaka maelfu ya vijana wanamaliza shule wakijua kupuliza, na wengi hawana pa kupuliza tena. Miaka ya 80 wenye bendi walikuwa wakinunua vinanda vya umeme vyenye sauti ya tarumbeta ndani, wapulizaji wanarudishwa nyumbani. Yametokea hata kwetu, bendi za dansi zikawaacha wapulizaji mmoja baada ya mwingine. Wale waasisi walikubali kusafiri watu wanane au tisa kwenye gari moja dogo, kugawana malipo yaleyale ambayo bendi ya watu wanne inagawana, ili tarumbeta zibaki jukwaani. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa nyimbo.

Kijana wa Bombo

Mzee shikamoo, nimejifunza. Kuhusu rege na ska nimekubali. Kuhusu uasisi bado nashikilia. The Toasters walitangulia, sawa, lakini wangapi walianza kupiga kwa sababu yao, na wangapi kwa sababu ya "Energy"? Mtoto mwenye gitaa bovu alisikia Operation Ivy akaona anaweza. Hakuhitaji wapulizaji wala suti. Walikuwa wakipiga ukumbi wa Gilman Street ambao uliendeshwa na vijana wenyewe kwa kujitolea. Aliyetangulia na aliyeambukiza wengine ni watu wawili tofauti.

Baharia wa Chumbageni

Marahaba. Hoja yako ina uzito na siwezi kuipangua yote. Kwamba walisambaza moto ni kweli, na kwamba Rancid na "Time Bomb" ya 1995 waliirudisha ska kwenye redio ni kweli. Ila kijana aliyeuliza anashika tromboni. Operation Ivy walikuwa wanne: sauti, gitaa, besi, dramu. Kwenye "Energy" saksafoni inapita kidogo tu. Akianza hapo hatapata kazi ya kufanya. Na walipovunjika, njia ambazo bendi zilizofuata zilizipita, kumbi ndogo mji kwa mji, santuri za mkusanyiko, anwani za kuandikiana barua, nyingi zilichongwa na Moon. Mike Park wa bendi ya Skankin' Pickle, aliyeanzisha lebo ya Asian Man 1996, alifuata mkondo uleule wa kujitegemea.

Hapa Tanga tunalijua jambo hili la aliyetangulia na aliyeambukiza. Wilson na George Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz ya hapa, wakapitia Arusha, wakafika Nairobi wakaunda Simba Wanyika. Kenya nzima iliwacheza. Watu wa Nairobi waliojifunza kwa Simba Wanyika ni wengi, lakini mtu akiniuliza gitaa lile lilianzia wapi nitamwambia Tanga bila kusita.

Mwana wa Bagamoyo

Salamu kutoka Bagamoyo. Nafundisha muziki, saksafoni ndiyo chombo changu. Baba hapo juu amemaliza historia, niongeze la kiutendaji kwa kaka wa tromboni.

Hesabu moja na mbili na tatu na nne na. Gitaa linapiga kwenye "na", kavu, halafu linazimwa mara moja kwa kiganja. Hiyo ndiyo ska. Nyinyi hamna gitaa juu ya pikapu, kwa hiyo kazi hiyo igaweni: tarumbeta la pili na saksafoni wakate "na" kwa sauti fupi, na wewe ubaki huru. Kosa la vikundi vyetu ni kwamba kila mpulizaji anafuata sauti ya mwimbaji kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwenye ska wapulizaji wanasema wimbo wao pale mwanzoni, wote kwa pamoja, kisha wananyamaza, kisha wanamjibu mwimbaji kwa maneno mawili matatu. Huko kunyamaza kuna kazi, usikuogope.

Tofauti ya Wajamaika na Wamarekani utaisikia haraka. The Skatalites walikuwa watu wa jazi, kila mmoja anasimama anapiga peke yake mizunguko mirefu. Wamarekani wengi wa miaka ya 80 na 90 wanapuliza kama ngumi, kwa pamoja, fupi, kisha gitaa la panki linaingia. Hepcat wa Los Angeles, walioanza 1989, ndio waliokataa njia hiyo wakarudi kwenye upole wa Kijamaika. Wasikilize kwa sauti za kuimbiana pia, ni watamu sana.

Na kitu kimoja kwenye Bosstones ambacho nadhani Mtanzania atakipenda: mpaka bendi ilipovunjika 2022, Ben Carr alikuwa mwanabendi kamili na kazi yake ilikuwa kucheza. Hakushika chombo. Sisi tuliokua na bendi za dansi na wanenguaji wake hatuhitaji kuelezwa hilo.

Tromboni wa Makorora

Mzee, dada, ahsanteni sana. Nimemsikiliza Don Drummond usiku kucha, "Eastern Standard Time" na "Man in the Street". Sikujua tromboni inaweza kuwa na huzuni namna ile juu ya ngoma ya kuchezeka. Fishbone nao nimewaonyesha wenzangu, mpiga tarumbeta wetu hakuamini kwamba ni watoto wa shule walioanza hivyo.

Swali la mwisho. Harusini watu wanataka kucheza, na dramu zetu ni mbili tu: ngoma kubwa ya kubeba begani na ndogo ya fimbo. Tunaweza kuianza na wimbo gani bila kuwaudhi wenye shughuli?

Baharia wa Chumbageni

Msianze na wimbo wa kigeni. Chukueni wimbo ambao bibi harusi na shangazi zake wanaujua, mbadilishe pigo chini yake. Wajamaika walifanya hivyohivyo, walitia ska kwenye muziki wa filamu, kwenye nyimbo za Walatini, kwenye chochote kilichokuwa kinapendwa.

Mpiga dramu wenu amfuatilie Lloyd Knibb wa The Skatalites, kwa sababu mkimkosa dramu, wapulizaji wote watateleza. Knibb aliweka mkazo kwenye pigo la pili na la nne, na mkono wake aliutoa kwenye ngoma za asili za Kijamaika alizozisikia kwa Marasta. Kwa nyinyi, ngoma kubwa ishike pili na nne, ndogo ikimbie katikati. Msiende kasi ya Wamarekani kwanza. Gari la maharusi linakwenda taratibu, na mwendo wa Skatalites unatosha kabisa.

Bendi ile ilirudi pamoja 1983, na miaka iliyofuata ikazunguka Marekani mwaka hadi mwaka, wazee wakipiga mbele ya vijana waliozaliwa baada ya wao kuvunjika. Roland Alphonso wa saksafoni alianguka jukwaani Los Angeles Novemba 1998 na hakupona. Kwa hiyo vijana wa miaka ya 90 hawakujifunza kwa santuri tu, waliwaona wenyewe.

Kanda zangu za Moon bado zipo na bado zinalia. Nitumie ujumbe wa faragha, uje Chumbageni baada ya alasiri, na uje na mpiga dramu. Tafuteni redio yenye sehemu ya kanda, yangu imeharibika mota.